Alikuja Kuposa, Timu Yake Ikatufunga

Mpenzi msomaji, kama unafikiria kupeleka posa Pangani, angalia kwanza ratiba ya mpira. Ukoo uulize, dini uulize, mahari uulize, lakini ratiba usiisahau. Mimi na mwenzangu hatukuiangalia, na nusura tujute.

Ilikuwa Jumamosi, 2 Julai 2022. Asubuhi ile Noah ya wageni ilisimama mbele ya nyumba yetu, si mbali na mto, wakashuka wazee watatu, mshenga wao na mchumba wangu katika kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Walikuwa wamelala Muheza. Barua ilikuja imefungwa kwenye leso, juu ya sinia, kama inavyotakiwa. Baba akaipokea, akaigusa kifuani, akamkabidhi Mama. Hakuifungua. Kwetu barua ya posa haijibiwi siku ileile. Ukijibu haraka watu watasema binti alikuwa amewachosha.

"Tumepokea," Baba akasema. "Majibu mtayapata inshallah."

Ukaliwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, wageni wakasifu, Mama akajifanya hasikii. Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda vizuri ajabu. Ndipo Baba akatazama saa ya ukutani, akamgeukia mchumba wangu.

"Kijana, mpira unaangalia?"

"Naangalia, baba."

"Timu gani?"

Hapa, wasichana wenzangu, nilijaribu kumkanyaga mguu. Nilikuwa mbali.

"Yanga, baba."

Jioni ile ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports, pale Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Yanga dhidi ya Coastal Union ya Tanga.

Wagosi wa Kaya

Kwa msomaji wa mbali, nieleze kidogo. Coastal Union ilianzishwa mwaka 1948. Rangi zake ni nyekundu na nyeupe, nyumbani kwake ni Mkwakwani, na watu wake wanaiita Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani. (Wale wanamuziki wawili wa kufokafoka, Mkoloni na Dr. John, nao walijiita hivyo. Tanga jina zuri halikai na mtu mmoja.) Mwaka 1988 Coastal ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara. Baba alikuwa kijana wakati huo, na hadithi ya 1988 nimeisikia mara nyingi kuliko hadithi ya jinsi alivyomuoa Mama.

Baada ya hapo ni kupanda na kushuka, na zaidi kushuka. Msimu wa 2015/16 mkoa wa Tanga ulikuwa na timu tatu ligi kuu: Coastal, African Sports na Mgambo JKT. Zote tatu zikashuka pamoja. Hebu fikiria, mkoa mzima kwa msimu mmoja. Coastal ikarudi msimu wa 2018/19, ikalea vijana, na vijana walipoiva wakubwa wa Dar wakaja na mifuko yao. Mwaka 2020 mabeki wawili wa kati waliokuwa wakicheza bega kwa bega walichukuliwa kwa mpigo: Bakari Mwamnyeto akaenda Yanga, Ibrahim Ame akaenda Simba.

Sasa timu hiyo imefika fainali, tena baada ya kuitoa Azam kwenye nusu fainali, na mbele yake iko Yanga ambayo msimu ule ilimaliza ligi bila kufungwa hata mchezo mmoja. Na ndani ya nyumba yetu kuna mgeni wa Yanga mwenye barua ya posa.

"Twende naye," Baba akasema. "Tumwone anavyokaa na watu."

Tulikwenda kibanda umiza cha mtaani, mabenchi ya mbao, mapazia meusi, joto la kupikia maandazi. Wanawake tulikuwa watatu. Mchumba wangu aliwekwa katikati ya Baba na Baba Mdogo, kama mahabusu.

Mchezo wenyewe utakuwa unaukumbuka. Abdul Suleiman, yule anayeitwa Sopu, alifunga mabao matatu peke yake dhidi ya Yanga kwenye fainali. Matatu! Kila alipofunga kibanda kilitikisika na vumbi likadondoka toka kwenye makuti. Na kila Yanga walipofunga palikuwa kimya, isipokuwa mara moja, ambapo sauti moja tu ilipiga kelele, kisha ikajizima katikati kama redio iliyokatiwa umeme. Sihitaji kukwambia ilikuwa ya nani. Baba hakugeuka. Baba Mdogo aligeuka.

Mabao 3-3. Penalti. Yanga 4, Coastal 1.

Nani ndiye timu?

Nilidhani watu watakwenda kulala. Thubutu. Palepale nje, kwa mzee wa kahawa, liliitishwa baraza, na mpaka leo ninapokaa na wachambuzi wa redioni huwa nalikumbuka baraza lile kwa heshima.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyeanza. Hoja yake ilikuwa moja: Sopu asiuzwe. Timu ijengwe juu yake, apewe unahodha, apewe nyumba, apewe chochote. "Mtu kawafunga Yanga matatu, mnataka nini tena?"

Mwalimu mmoja wa sekondari akamkatalia. Kwa hesabu zake, bei ya Sopu haitakuwa kubwa tena kama itakavyokuwa wiki ijayo. Auzwe, wanunuliwe watatu. Kijana akamuuliza hao watatu wako wapi, na kama wapo mbona hawajanunuliwa mpaka leo. Mwalimu akanywa kahawa.

Baba Mdogo akaja na lake. Kwake yeye Sopu ni mfungaji tu, na mfungaji ni kama mtu wa mwisho kwenye jahazi, anayeshika nanga watu wakamwona. Injini ni Victor Akpan, yule Mnigeria wa katikati. Mpira wote unapita miguuni mwake. Tetesi kwamba Simba wanamtaka zilikuwa zimeshazagaa. "Akiondoka Akpan, huyo Sopu mtampa mpira kwa posta?"

Mzee wa kahawa, ambaye alikuwa hajasema kitu, akauliza taratibu kwa nini hakuna anayezungumzia mabao matatu tuliyofungwa. Timu inayofunga matatu kwenye fainali na isichukue kombe, shida yake iko nyuma. Na nyuma pale walikuwepo Mwamnyeto na Ame. "Tuliwauza, tukafurahi. Haya, leo Mwamnyeto ni nahodha wa hao hao waliotufunga."

Hapo wote wakaongea kwa pamoja.

Nikwambie ukweli, msomaji wangu, hii ndiyo tofauti ya shabiki wa timu kubwa na wa timu ndogo. Mwenzangu na Yanga yake wakifungwa hutafuta wa kumfukuza: kocha, kipa, mwenyekiti. Watu wa Coastal hutafuta nani atabaki. Wameshazoea kwamba mzuri ataondoka. Swali lao ni kama akiondoka anaacha kitu, na timu ijengwe kwa nani ambaye hatachukuliwa kabla ya saruji kukauka. Hilo swali ni gumu kuliko la kumfukuza kocha.

Kulikuwa na dada mmoja anayeuza vitumbua pale jirani. Alikuwa anafunga meza yake, akawasikiliza, kisha akasema: "Nyie wanaume mnamgawa mtoto wa watu kama mnagawa ngalawa. Auzwe, asiuzwe. Mwenyewe mmemuuliza anataka nini?"

Walicheka. Mimi sikucheka. Kwenye mkoba wangu kulikuwa na barua nyingine, nitaieleza.

Katika kicheko kile mchumba wangu akaona nafasi ya kuingia. Alikuwa amekaa kimya muda mrefu, timu yake ina kombe, na nadhani alitaka kupendwa. Akasema, kwa sauti ya utani kabisa:

"Wazee, msiumie. Tanga kazi yenu kulea, sisi wa mjini kazi yetu kuchukua."

Kijana wa bodaboda alicheka nusu. Baba Mdogo akaweka kikombe chini. Baba akasimama, akakung'uta kanzu, akasema ni usiku sasa, wageni wamechoka.

Ukingoni mwa mto

Tulibaki nyuma, tukatembea mpaka ukutani pale kwenye maji. Ng'ambo taa za Bweni zilikuwa chache. Nikamuuliza kama anajua alichosema.

"Utani wa mpira tu, mama. Mbona unakuza?"

"Hukusema Yanga na Coastal. Ulisema nyie na sisi. Kulea na kuchukua. Na barua yako iko ndani ya kabati la mama yangu tangu asubuhi."

Akanyamaza. Nafikiri ndipo alipojisikia.

Lakini ugomvi, kama ujuavyo, haukai ulipoanzia. Tulikuwa na jambo letu ambalo tulilikwepa mwezi mzima. Yeye ni mtumishi wa serikali, na serikali imehamia Dodoma. Barua yake ya uhamisho ilishatoka. Mimi barua yangu, ile ya kwenye mkoba, ilikuwa ya kupandishwa kuwa mhariri kamili hapa Dar es Salaam. Niliisubiri miaka sita. Yeye alishapata nyumba Dodoma, vyumba vitatu, na alishanionyesha picha ya jiko. Alidhani jiko lingeniridhisha. Hakuwahi kuniambia niache kazi. Hakuwahi pia kuniuliza. Alipanga tu, kwa upendo, kama wale waliokuwa wanampanga Sopu.

Nilimwambia hayo yote pale ukutani, si kwa utaratibu huu ninaokuandikia. Nililia pia, na nilisema jambo moja kuhusu mama yake ambalo nalijutia hadi leo. Yeye akasema kumbe nilikuwa na barua siku zote na nikamficha. Ilikuwa kweli. Nilimficha kwa sababu niliogopa kumpa nafasi ya kusema hapana.

Tukarudi nyumbani kila mtu na upande wake wa barabara.

"Mnawachezesha?"

Asubuhi Baba alikuwa barazani na redio yake. Mimi nilikuwa naandaa chai na mkate wa kumimina. Mchumba wangu akatoka chumba cha wageni, macho mekundu, akamwamkia. Shikamoo, marahaba. Akabaki amesimama.

"Baba, jana nilisema neno si zuri. Naomba radhi."

"Kaa," Baba akasema. Akapunguza sauti ya redio, hakuizima. "Neno lako lilikuwa la kweli. Sisi tunalea, nyie mnachukua. Mimi halikunikera hilo."

Nikasimama na birika mkononi.

"Ninalotaka kujua ni moja. Mkishawachukua, mnawachezesha?"

Mwenzangu hakuelewa mara moja.

"Ame," Baba akasema. "Hapa alikuwa kila Jumamosi uwanjani, hakuna anayempita. Akaenda Simba, akapata jezi mpya na picha gazetini. Namba ya kudumu hakuipata. Mwamnyeto kaenda, anacheza, ni nahodha, na mimi hata akitufunga namfurahia. Sasa na wewe unakuja kuchukua kwangu. Mwenzako hapa ana kazi yake, anaandika, watu wanamsoma. Ukishamchukua, unamchezesha, au unakwenda kumkalisha benchi?"

Naapa sikuwa nimemwambia Baba neno lolote kuhusu Dodoma. Mama labda. Mama hujua mambo kabla hayajatokea.

Mwenzangu angeweza kujibu haraka. Wanaume wengi wangejibu haraka: nitamtunza, baba, hatakosa kitu. Yeye alikaa akitazama sakafu mpaka chai ikapoa.

"Baba, hilo sijamjibu hata yeye mwenyewe."

"Basi kamjibu yeye kwanza," Baba akasema. "Ukishamjibu, na mimi nitajibu barua yako."

Akaongeza sauti ya redio. Walikuwa wanazungumzia penalti.

Dirisha la usajili

Ilituchukua wiki tano. Nakupa hesabu kamili kwa sababu makala nyingi za mapenzi, na hata nyingine nilizowahi kuzipitisha mimi mwenyewe kwenye kurasa hizi, hufanya mambo haya yaonekane kama mazungumzo ya chakula cha jioni kimoja. Wiki tano za simu, na wiki moja kati ya hizo hatukupigiana kabisa. Mwisho tukakubaliana: mimi nabaki Dar na kazi naichukua, yeye anakwenda Dodoma, tunalipa kodi mbili, na wikiendi mmoja anamfuata mwenzake. Tutapima baada ya miaka miwili. Mashangazi walisema hiyo si ndoa, ni mkopo. Baba akajibu barua.

Wakati sisi tunapatana, Coastal ilikuwa inabomolewa. Sopu akasajiliwa na Azam, timu ileile waliyoitoa nusu fainali. Akpan akaenda Simba. Na Septemba Simba wakamchukua hata kocha, Juma Mgunda. Mfungaji, injini na dereva, ndani ya dirisha moja. Baba alinipigia simu usiku ule wa Mgunda. Nilidhani kuna msiba.

"Wamechukua wote," alisema. "Sasa ndiyo tutajua kama tulikuwa na timu au tulikuwa na watu watatu."

Msimu uliofuata haukuwa na la kusimulia. Lakini 2023/24, chini ya kocha Mkenya David Ouma, ile timu ambayo kila mtu alishaizika ilimaliza ligi nafasi ya nne. Na haikujengwa kwa mfungaji. Ilijengwa kwa kipa. Ley Matampi, Mkongo, alimaliza michezo 15 bila kuruhusu bao na kuwa kipa bora wa ligi, mbele ya makipa wote wa Kariakoo. Mzee wa kahawa, aliyeuliza kuhusu mabao matatu usiku ule, sasa hatozwi chochote kwenye bao wala karata. Anaheshimiwa kama nabii.

Na kulikuwa na lile sakata la Lameck Lawi. Juni 2024 Simba walimtangaza beki huyo kuwa ni wao, picha na jezi. Coastal wakasema hapana, pesa haikulipwa kwa muda tuliokubaliana, mkataba hakuna. Suala likafika TFF, na Lawi akabaki Coastal msimu uliofuata. Nyumbani kwetu hiyo imekuwa methali. Mtu akichelewa kuleta kitu alichoahidi, Mama humwambia, "Utamkosa Lawi."

Sisi? Usidhani nitakwambia yote ni asali. Kuna Ijumaa hakuja, alisema kuna kikao, na nilikaa na sufuria ya pilau nikahesabu sababu za kumwamini na za kutomwamini. Kuna mwezi kodi mbili zilitufanya tukope kwa shemeji. Kuna Jumapili nilimpeleka kituo cha basi alfajiri, nikarudi nikalala upande wake wa kitanda. Tangu Julai 2024, treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma, safari imekuwa fupi na visingizio vimekuwa vichache. Miaka miwili ya kupima iliisha na hatujapima. Kila mmoja anamwogopa mwenzake kuianzisha hiyo mada, na nikiwa mkweli, makala hii ni njia yangu ya kuianzisha. Anasoma kila toleo.

Mwezi uliofuata, Agosti 2024, Coastal ilicheza Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya Bravos do Maquis ya Angola. Kule Angola tulifungwa 3-0. Marudiano yaliisha 0-0, tukatolewa, na Ouma naye akaondoshwa. Siku ya marudiano tulikuwa Pangani, mimi na mume wangu, kibanda kilekile, bei imepanda. Alivaa shati jeupe. Nyekundu ilimshinda, na sikumlazimisha.

Baada ya mchezo baraza likaitishwa kama kawaida. Kijana wa bodaboda, ambaye sasa ana duka la vipuri, alitaka kocha mpya. Mwalimu alisema makipa wazuri hawakai, auzwe Matampi bei ikiwa juu. Dada wa vitumbua alishahamia Tanga mjini. Baba alisikiliza wote, kisha akamgeukia mume wangu, aliyekuwa amekaa kimya kama mtu mwenye kumbukumbu.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Dakika 180, hatukufunga hata bao moja. Nyie Yanga mna mshambuliaji yeyote amekaa benchi?"

"Wapo, baba. Wawili, watatu."

"Wanacheza?"

"Hawachezi."

"Sasa mnawaweka wa nini?" Baba akasema, akamsogezea sahani ya kashata. "Mleteni mmoja huku."